Hikima na Jina la Mwenyewe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Hamdu zote ni zake Yeye aliyemfundisha mwanaadamu kwa kalamu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Masala tunayotaka kuyatazama katika kijitabu hiki ni haya: mtu akipata hikima kwa asiyekuwa wa dini yake, kisha akaitoa mbele ya watu wake, je, yampasa amtaje aliyeisema, au yafaa alifiche jina lake kwa kuchelea watu wasije wakaikataa hikima kwa sababu ya kumchukia mwenyewe?

Hapana shaka kuwa msomaji atasema: Kuichukua hikima popote ni jambo lililokwisha amuliwa na wanavyuoni wetu. Ni kweli. Walakini kuichukua ni jambo moja, na kumtaja mwenyewe ni jambo la pili, na wengi wanaolikubali la kwanza hulikimbia la pili. Nasi tumechagua kuyaeleza masala haya kwa khabari za mtu mmoja wa Mayahudi aliyeishi katika nchi za Kiislamu, kwa kuwa yeye aliulizwa swali hili na wakati wake, akalijibu kwa kalamu yake mwenyewe, na jibu lake lina mafunzo kwetu, katika lililo sawa na katika lililopunguka.

Mtu huyo ni Musa bin Maymun, ambaye watu wa Ulaya humwita Maimonides. Alizaliwa Qurtuba katika nchi ya Andalusi mwaka 1138, na wengine husema 1135. Mwaka 1148 Muwahhidina waliutwaa mji ule, wakawadhiki Mayahudi na Manasara waliokuwa wakikaa kwa amani chini ya dhima ya Waislamu. Nyumba ya Maymun ikatoka, ikatangatanga, ikakaa Fas katika nchi ya Maghribi. Kisha mwaka 1165 wakasafiri kwa bahari mpaka Akka, na baada ya muda mchache wakatua Misri, katika mji wa Fustat ulio ubavuni mwa Kairo. Huko nduguye Daud alifanya biashara, naye Musa akasoma na kutunga. Safari moja Daud alipita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Sham, akapanda chombo kwenda Bara Hindi, akazama katika bahari hii hii ambayo sisi watu wa pwani twaivua na kuisafiria. Musa akalala kitandani kwa maradhi na huzuni karibu mwaka mzima. Alipoinuka aliitafuta riziki yake kwa utabibu, hata akawa tabibu wa al-Qadi al-Fadil, waziri wa Sultani Salahuddin, kisha wa al-Malik al-Afdal mwana wa Salahuddin. Alikufa mwaka 1204, nao ni mwaka 601 wa Hijra.

Vitabu vyake ni vingi. Mwaka 1168 alimaliza kwa lugha ya Kiarabu sherehe ya Mishna, nayo ni mkusanyo wa sharia za Mayahudi walizopokezana kwa wazee wao. Kisha akatunga kwa Kiebrania Mishneh Torah, ambamo alizipanga sharia zao zote katika vitabu 14. Kisha, karibu na mwaka 1190, akatunga kwa Kiarabu Dalalat al-Hairin, yaani Uongozi wa Waliotatizika, akimkusudia mtu aliyeishika dini yake na akasoma falsafa, akawa hajui namna ya kuyapatanisha haya mawili. Na vitabu vyake vya utabibu navyo ni vya Kiarabu: kimoja juu ya maradhi ya pumu, kimoja alichomwandikia al-Afdal juu ya kuihifadhi siha, na kimoja alichoamriwa na al-Fadil juu ya sumu, ili aliyeumwa na nyoka au nge ajue la kufanya papo hapo kabla ya kumfikia tabibu.

Jambo tulitakalo sisi limo katika ile sherehe yake ya mwanzo. Alipofikia sehemu ya Mishna inayokusanya nasaha za wazee wao, alitanguliza milango minane juu ya nafsi ya mwanaadamu. Humo alieleza kuwa nafsi ina siha na ina maradhi kama ulivyo mwili, na kuwa mwenye nafsi gonjwa yampasa aende kwa wenye ilimu, kama mwenye homa aendavyo kwa tabibu. Akaeleza kuwa tabia njema ni ile ya katikati, kama ukarimu ulivyo baina ya ubakhili na ufujaji. Akauliza pia: Ni nani bora, asiyetamani uovu kabisa, au anayeutamani akaishinda nafsi yake? Akajibu kwa kupambanua: katika maovu wanayoyajua watu wote kuwa ni maovu, kama kuua na kuiba, bora ni yule ambaye moyo wake hauyaelekei, ama katika yale yaliyokatazwa kwa amri ya sharia tu, hapana aibu mtu kuyatamani, bali fadhila yake ni kuyaacha kwa kuitii amri. Sisi tunaofuata njia ya al-Ashari tuna maneno yetu juu ya mpambanuo huo, na mahali pake si hapa. Walakini hakuna mwenye akili atakayekana kuwa ni maneno ya mtu aliyeutazama moyo wa mwanaadamu kwa makini.

Basi katika dibaji ya milango hiyo Ibn Maymun aliwaambia wasomaji wake jambo la ajabu. Alisema kuwa yaliyomo si ya kuzuliwa na yeye. Ameyakusanya katika maneno ya wazee wa Kiyahudi, na katika maneno ya wanafalsafa wa kale na wa zama zake, na kwamba mtu yampasa aikubali kweli kwa yeyote aisemaye. Kisha akasema kuwa hatawataja wenyewe kwa majina, kwanza kwa kuepuka kurefusha, na pili kwa kuwa huenda msomaji asiye na utambuzi akaliona jina la fulani, akadhani kuwa maneno yake yote ni maovu, akayatupa naye asijue maana yake.

Je, ni nani huyo aliyefichwa? Wachunguzi wameyalinganisha maneno, na mwaka 1963 mwanachuoni Herbert Davidson alionyesha kwa urefu kuwa mengi katika milango ile yametoka katika kitabu cha Fusul cha Abu Nasr al-Farabi, Mwislamu aliyekufa Dameski mwaka 339 wa Hijra, sawa na 950. Basi tangu karne hadi karne Mayahudi waliisoma milango ile, na wengi wao wakaadilisha nafsi zao kwa nasaha za mtu wa umma wa Muhammad, na jina lake hawakulisikia.

Wala asiseme mtu kuwa Ibn Maymun alimdharau al-Farabi. Katika Dalalat al-Hairin amemtaja kwa jina lake. Na mwaka 1199 alimwandikia barua Samuel ibn Tibbon, aliyekuwa akiifasiri Dalala kwa Kiebrania huko Ufaransa, akamwelekeza vitabu vya kusoma, na ndani ya barua ile alimsifu Abu Nasr sifa kubwa. Basi dhahiri ni kwamba mtu huyu alikuwa na milango miwili: kwa mwanachuoni mwenziwe alifungua akataja jina, kwa watu wa kawaida alitoa hikima akalifunga jina.

Tumhukumu vipi? Kwanza tumpe haki yake. Yeye hakuiba, kwani mwizi wa maneno husema: Haya ni yangu. Yeye alisema waziwazi: Haya si yangu. Na khofu yake ilikuwa na msingi. Hujjatul Islam al-Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111, aliyaeleza maradhi haya haya katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal. Alieleza kuwa wako watu wakiona neno la kweli katika kitabu cha mwanafalsafa hulikataa kwa kuwa limetoka humo, nao ni mfano wa mtu anayeikataa asali kwa kuwa imetiwa katika chombo cha kuumikia, akidhani kuwa asali imenajisika kwa sababu chombo kile kwa kawaida hutiwa damu. Kisha al-Ghazali huyo huyo akatahadharisha upande wa pili: mtaalamu wa nyoka yampasa asimshike nyoka mbele ya mwanawe mdogo, kwani mtoto atamwiga, naye hana ujuzi wa babake.

Basi ona, ndugu msomaji: al-Ghazali aliuona ugonjwa ule ule aliouona Ibn Maymun, walakini dawa zao si moja. Al-Ghazali aliuita ugonjwa kwa jina lake, akawakemea wanaoikataa asali. Ibn Maymun aliihamisha asali katika chombo kingine, akawaacha watu wainywe. Waliokunywa walinufaika, hapana shaka. Lakini maradhi yao ya kuhukumu neno kwa jina la msemaji yalibaki vifuani mwao kama yalivyokuwa. Hapa ndipo tunapoona upungufu. Mwenye kuificha njia ya hikima huwapa watu tunda akawanyima kuujua mti, na kesho wakiuona mti ule watautia shoka, nao hawajui kuwa ndio uliowalisha.

Na tukirejea katika Sunna tutaiona njia iliyo timamu zaidi. Imepokewa katika Sahihi ya al-Bukhari kuwa Abu Hurayra aliwekwa kuilinda zaka ya Ramadhani, akamkamata mwizi mara moja, na mara ya pili, na mara ya tatu. Ndipo mwizi akamfundisha kuwa asomaye Ayatul Kursiyyu anapolala hulindwa na Mwenyezi Mungu mpaka asubuhi. Alipomweleza Mtume, rehema na amani zimshukie, Mtume alimwambia kuwa aliyosema ni kweli, naye ni mwongo mkubwa, kisha akamjulisha kuwa yule alikuwa Shetani. Tazama namna ya uadilifu huu. Kweli haikukataliwa, na jina halikufichwa, na sifa ya msemaji haikupambwa. Yote matatu yamesemwa kwa pamoja. Wala hatumfananishi mtu wa Kitabu na Shetani, Mwenyezi Mungu atuepushe na dhuluma; tunasema kwamba ikiwa kweli ya kiumbe aliye muovu kuliko wote imepokewa na mwenyewe akatajwa, basi kweli ya mwanaadamu mwenye akili na ibada ina haki zaidi ya kupokewa na kutajiwa mwenyewe.

Kisha ilimu yetu sisi imejengwa juu ya isnadi. Mwanafunzi husema: Nimepokea kwa fulani, naye kwa fulani, na wazee wetu wamesema kuwa baraka ya ilimu ni kulirudisha neno kwa aliyelisema. Na la kushangaza ni kuwa Mayahudi nao wana mafundisho yayo hayo: katika mlango wa mwisho wa nasaha zile zile za wazee wao, kama wanavyozisoma, mna kwamba alisemaye neno kwa jina la mwenyewe huleta ukombozi ulimwenguni. Kwa hivyo Ibn Maymun alipolificha jina la al-Farabi aliiacha fadhila ambayo dini yake na dini yetu zinaikubali.

Na aliyeushika upande huo ni mwanawe mwenyewe. Ibrahim bin Musa, aliyekufa mwaka 1237 baada ya kuwa mkuu wa Mayahudi wa Misri, alitunga kwa Kiarabu kitabu Kifayat al-Abidin juu ya kuitakasa nafsi, na humo akawataja masufi wa Kiislamu bila ya kificho, akasema kuwa wao wamezishika desturi za manabii wa Bani Israili ambazo Mayahudi wenyewe wameziacha. Jambo hili halikumpitia bure. Wako katika watu wake waliomshitaki kwa Sultani al-Adil kuwa amezua katika dini, naye ikambidi ajitetee. Basi baba alinyamaza, naye mwana alitaja akalipa thamani yake. Wala hatusemi kuwa kila mtu yampasa awe kama mwana. Lakini twajua ni yupi kati yao aliyewafundisha watu wake kumtazama jirani kwa jicho la haki.

Huenda msomaji akasema: Wewe Sheikh wamtaka Myahudi amtaje Mwislamu, je, nasi tumtaje Myahudi? Na huyu Ibn Maymun si yule aliyewaandikia Mayahudi wa Yemen waraka mwaka 1172, akamtaja Mtume wetu kwa maneno mabaya? Na je, leo, baada ya damu ya watu wa Ghaza iliyomwagika tangu mwaka 2023, huu ni wakati wa kutaja fadhila za mwanachuoni wa Kiyahudi?

Jibu letu ni hili. Waraka ule ni wa kweli, na maneno yale ni mabaya, nasi hatuyafichi, kwani tukificha tutakuwa tumefanya lile lile tunalolilaumu. Na ni kweli pia kuwa mtu huyo huyo, alipoulizwa na mmoja aliyeingia dini yao, alijibu kuwa Waislamu si waabudu masanamu, bali wanampwekesha Mungu upwekesho ulio sawa. Mwenye kutaja la kwanza akaliacha la pili amepunja mizani. Na mwenye kutaja la pili akaliacha la kwanza naye amepunja. Ama dhuluma ya leo, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida kuwa chuki juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Amri hii haikushushwa kwa siku za raha, kwani siku ya raha hakuna chuki ya kuishinda. Atetee mwenye kutetea, na aseme kweli juu ya dhalimu kwa jina lake. Lakini aliyekufa zaidi ya miaka 800 iliyopita hakumwua mtoto yeyote wa Filastini, na kumnyima haki yake hakumrudishii mama yeyote mwanawe.

Na wazee wetu walikwisha tuonyesha. Ibn al-Qifti, katika khabari za wenye hikima, amesimulia kuwa alitokea faqihi mmoja wa Andalusi akafika Misri, akamtuhumu Ibn Maymun kuwa alisilimu huko kwao kisha akaritadi, akataka kumdhuru. Al-Qadi al-Fadil akamzuia, akasema kuwa mtu aliyelazimishwa, kusilimu kwake si sahihi katika sharia. Na al-Fadil huyu hakuwa mtu mlegevu wa dini. Ndiye aliyejenga Kairo madrasa ya al-Fadiliyya kwa wafuasi wa Imamu Shafii na wa Imamu Malik, na ndiye aliyemweka humo kusomesha Kurani Imamu al-Shatibi, kipofu mwenye nuru, ambaye utungo wake wa visomo saba unahifadhiwa na wasomi wa Kurani mpaka leo. Basi watu wawili waliotoka Andalusi, mmoja Imamu wa Kurani na mmoja tabibu wa Kiyahudi, waliishi chini ya hifadhi ya mtu mmoja, na kila mmoja alipewa nafasi yake bila ya kuchanganywa na mwenziwe.

Na waliofuata walifanya vivyo hivyo. Abdul Latif al-Baghdadi alionana na Ibn Maymun Kairo, akaisoma Dalala, akaiona kuwa ni kitabu kibaya kinachoharibu misingi ya dini, akasema hivyo kwa kumtaja jina. Muhammad al-Tabrizi, Mwislamu wa Uajemi, yeye alizichukua kanuni 25 zilizomo katika sehemu ya pili ya Dalala akazifanyia sherehe nzima. Mmoja amekataa na mmoja amekubali. Wala hapana aliyesema: Kitabu hiki hakina mwenyewe.

Sisi Waislamu tuna shitaka juu ya watu wa Ulaya, kwamba walichukua ilimu za Ibn Sina, na Ibn Rushd, na al-Khwarizmi, kisha wengi wao wakawasahau wenyewe. Shitaka hili lina haki. Lakini Thomas Aquinas, kasisi wa Manasara aliyekufa mwaka 1274, katika vitabu vyake amemtaja Ibn Sina, na Ibn Rushd, na huyu Ibn Maymun akimwita Rabi Musa, hata pale anapowapinga. Je, yafaa sisi tudai haki ambayo wenyewe hatuitoi? Mwenye kudai deni lake sokoni na huku yeye ana deni la jirani, mdomo wake huwa mzito.

Basi hukumu tunayoiona ni hii. Kunyamaza kuna mahali pake: mwalimu anayemfundisha mtoto wa chuoni adabu ya ukarimu hana haja ya kumweleza khabari za wanafalsafa, wala hana dhambi. Kukizuilia kitabu kwa asiyeweza kukibeba nako kuna mahali pake, kama ulivyo mfano wa nyoka. Ama kumficha mwenye neno kwa kuwa watu wanamchukia, huo ni udhuru wa mnyonge, husameheka kwa mwenye khofu ya kweli, wala haufai kuwa ada ya wenye ilimu. Na kulichukua neno la mtu ukalipa jina lako, au ukalipa jina la Sheikh wako ili likubaliwe, huo ni uwongo, na hapana hila itakayouhalalisha. Sisi wenye kusomesha madrasa, na wenye kuandika vijitabu, na wenye kuhutubu, tulitazame jambo hili katika daftari zetu kabla ya kulitazama katika daftari za wengine. Tumzoeshe mwanafunzi kusema: Haya ameyasema fulani, naye si wa dini yetu, hili tumelikubali kwa sababu hii, na hili tumelikataa kwa sababu hii. Mwanafunzi wa namna hiyo hatakhofiwa akikutana na kitabu kigeni, kwani amekwisha pewa mizani mkononi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki atupe kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili atupe kuiepuka, na azifanye ndimi zetu zirudishe amana kwa wenyewe, wawe wapenzi wetu au wawe mahasimu. Wallahu aalamu bissawabi.